Steadily si polepole: namna ya kulitumia neno hili bila kupotosha

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanza akiulizwa maana ya neno la Kiingereza steadily, mara nyingi atajibu "polepole". Jibu hilo linaharibu sentensi nyingi. Steadily haisemi kitu kina kasi kubwa au ndogo. Inasema kasi ni ile ile, au badiliko linaendelea upande mmoja bila kukatika wala kurukaruka. Boti ya Ukerewe inayokwenda kwa mwendo mkali usiopanda wala kushuka inakwenda steadily. Mtumbwi wa kasia unaopigwa kwa mapigo sawasawa nao pia. Kama unachotaka ni polepole, andika slowly.

Kwa Kiswahili, maana hii mara nyingi hubebwa na kitenzi, si kielezi. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Mei 2020 mvua nyingi zilipandisha maji ya Ziwa Victoria, na ukiona "The lake rose steadily", tafsiri nzuri ni "maji ya ziwa yalizidi kupanda". Neno -zidi limeshamaliza kazi. Pengine -endelea hufaa, pengine "mfululizo": "It rained steadily all night" ni "mvua ilinyesha mfululizo usiku kucha". Anayeng'ang'ania kutafuta kielezi kimoja cha kubandika kila mahali ndiye anayeangukia "polepole".

Kosa linaloweza kumtia mtu hasara ni kuchanganya steady na steadily kwenye taarifa za bei. "Dagaa prices remained steady" maana yake bei haikubadilika. "Dagaa prices rose steadily" maana yake bei imepanda, na imepanda kila mara ulipoipima. Mnunuzi wa magunia anayesoma moja akaelewa nyingine atapanga bajeti isiyo yake. Na usiandike "prices remained steadily": remain hufuatwa na kivumishi, kwa hiyo ni steady tu.

Chagua pia kitenzi kinachokubali. Steadily inataka tendo lenye muda ndani yake: rise, fall, grow, improve, walk, breathe, work. "The ferry arrived steadily" haisimami, kwa sababu kufika ni tukio la mara moja. Hakuna mwendo wa kuupima. Feri inayovuka Kamanga kwenda Sengerema kwa ratiba yake huondoka regularly, kwa kuwa kati ya safari na safari kuna pengo. Gradually iko karibu zaidi, lakini husisitiza kwamba jambo lilikuja kidogo kidogo, hata kama njiani lilisimama. Constantly ni "kila mara", na mara nyingi hubeba lawama.

Mahali pa kuiweka si pagumu: baada ya kitenzi, "catches fell steadily", au kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, "catches have steadily fallen". Kitenzi kikiwa na shamirisho, usiitie katikati yao. "He paddled the canoe steadily" ni sahihi. "He paddled steadily the canoe" si sahihi.

Kuna maana ya pili ambayo vitabu vya shule huipita haraka: kutotikisika. "Hold the lamp steadily" ni kumwambia mtu ashike taa bila mkono kucheza. "She looked at him steadily" ni "alimkazia macho". Hapa hakuna mwendo wala badiliko lolote, kwa hiyo angalia kitenzi kabla hujatafsiri.

Tahajia: y ya steady inageuka i, na d ni moja. Steadyly na steadly zote ni makosa. Katika matamshi, ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema ste-DI-li. Mkazo uwe mwanzoni, STE-di-li, na ea isikike kama e fupi. Ukitaka kulinganisha, sema more steadily. Steadier ni ya kivumishi, kama katika "a steadier boat".