Maswali Yenu: Kuandika Historia ya Mama

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kuandika wasifu wa mama aliyefariki, wa kusomwa kanisani, kwenye hitma au siku ya kumaliza matanga. Tumechagua tano.

*Mama yetu ametutoka. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1950, lakini shangazi anakataa, anasema mama alikuwa mkubwa zaidi. Tuandike mwaka gani? (Msomaji, Urambo)*

Poleni sana kwa msiba. Tarehe kama 1 Januari mara nyingi ni ya kukadiria, imejazwa ili fomu isibaki wazi, kwa hiyo shangazi anaweza kuwa na haki. Ila usimuulize mama alizaliwa lini. Muulize mama alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa jambo ambalo tarehe yake inajulikana.

Kwa Urambo anza na mpango wa karanga wa Waingereza, uliokufa mwaka 1951. Kama mama alikuwa akisimulia jinsi alivyotumwa kupeleka chakula kwenye mashamba yale, hakuwa chini ya miaka sita, hivyo alizaliwa 1945 au kabla. Kisha njoo kwenye Uhuru, Desemba 1961: alikuwa ameshavunja ungo? Ameshaolewa? Ana mtoto mgongoni? Halafu kuhamia vijiji vya ujamaa: alihama na watoto wangapi, na aliyebebwa ni yupi? Kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo cha mtoto huyo kitawapa mwaka wa kushikilia. Wasomaji wa Kasulu na Kibondo wana alama nyingine, kuingia kwa wakimbizi wa Burundi mwaka 1972.

Tukio moja halitoshi, tafuteni mawili au matatu yanayokubaliana. Hesabu hizi huharibika hasa pale watu wanapochanganya Azimio la Arusha, la Februari 1967, na kuhamia vijijini, ambako kwa wengi kulikuja miaka ya 1973 hadi 1976. Hapo mtu anaweza kuongezewa au kupunguziwa miaka sita hadi tisa. "Mwaka wa njaa" nao msiutegemee, maana njaa zilikuwa nyingi.

Kama alikuwa Mkatoliki, nendeni parokia alikobatizwa mkiwa na jina lake la ubatizo, jina la baba yake, kigango na, mkilipata, jina la msimamizi wake wa ubatizo. Pembeni ya jina lake katika kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara na ndoa, hivyo mstari mmoja unaweza kuwapa nusu ya maisha yake. Angalieni tu kama alibatizwa mtoto au mtu mzima, kwani wengi wamemwandikia mama siku ya ubatizo kuwa siku ya kuzaliwa.

Mkishakubaliana, andikeni "alizaliwa mwaka 1944 hivi". Lakini kwenye cheti cha kifo na karatasi za mirathi fuateni kitambulisho, herufi kwa herufi. Wasifu ni wa ukoo, hauna nguvu mahakamani, na tarehe mbili tofauti kwenye karatasi za serikali zitawasumbua bure.

*Kaka zangu wameandika "marehemu alikuwa mkulima na mama wa nyumbani". Mama alichuuza dagaa na kukamua mawese tangu sijazaliwa. Je, ni vibaya kuyataja mbele za watu? (Binti, Gungu, Kigoma)*

Si vibaya hata kidogo, dada. Vibaya ni kuyaacha. Kazi ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha, na mstari ule wa kaka zako unaweza kusomwa kwa mama yeyote wa nchi hii.

Kaa na wenzake wa sokoni, uulize kazi ilivyokwenda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikaribia kujaa wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti dagaa tena. Maana yake mwezi wa mama ulikuwa na ratiba yake: siku za giza kununua alfajiri na kuanika, siku za mbalamwezi kusafirisha mzigo na kufuata madeni. Uliza alianika mchangani au kwenye kichanja, alipimia chombo gani, mzigo ulipanda treni kwenda wapi. Uliza pia mvua ikimkuta dagaa wakiwa chini alifanyaje, kwani wakilowa huvunda na bei huanguka siku hiyo hiyo.

Mawese vivyo hivyo. Mkungu ukikatwa huachwa siku kadhaa ili chikichi ziachie, zikachambuliwa, zikachemshwa mpaka zilainike, zikatwangwa na kukamuliwa. Kisha mafuta hurudishwa motoni kukausha maji, na maji yakibaki mafuta huchacha upesi. Kokwa hukaushwa na kupasuliwa kwa ajili ya mafuta ya mise. Anayejua kazi hii akisikia hatua hizo atajua mikono ya mama yako ilikuwaje.

Sentensi tatu zinatosha, kwa mfano: "Alinunua dagaa mwaloni alfajiri, akawaanika mwenyewe, na siku za mbalamwezi alikamua mawese. Wateja walimwamini kwa sababu mafuta yake yalikauka maji vizuri. Ada za shule za watoto wote zilitoka humo."

*Marehemu mama alikuwa muosha maiti wa wanawake hapa mtaani. Imamu anataka maneno mafupi kaburini. Tutayaweka wapi haya? (Msomaji, Ujiji)*

Imamu yuko sahihi, maziko yasicheleweshwe kwa hotuba. Pale tajeni jina, ukoo, na tangazo la madeni: anayemdai ajitokeze, na nani atayabeba. Wasifu kamili usomwe kwenye hitma, kama familia inaisoma, au ubaki nyumbani.

Humo andikeni utumishi wake kwa ukamilifu. Kuosha kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, maji ya majani ya mkunazi, kafuri kwenye maji ya mwisho, sanda ya nguo tano kwa mwanamke: haya aliyajua kwa vitendo, na kama alifundisha mabinti wengine, watajwe, kwa sababu sasa wao ndio mtaa utawaita. Msitaje majina ya aliowaosha wala alichokiona. Muosha hufunika siri, na wasifu wake usiifunue.

*Mama alizaa tisa, tumebaki sita, na mmoja alizaliwa kabla hajaolewa na baba. Wengine wanataka tuandike "ameacha watoto watano". (Msomaji, Tabora mjini)*

Andikeni "alijaliwa watoto tisa, walio hai ni sita", na majina yote kwa mpangilio wa kuzaliwa, wale watatu waliotangulia wakiwemo. Aliyezaliwa kabla ya ndoa ni mtoto wa mama yenu sawa na nyinyi. Jina likirukwa, ugomvi huanzia makaburini na kuhamia kwenye kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi. Watoto wa mke mwenza aliowalea watajwe kwa sentensi yao, kuwa aliwalea. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wakubwa wa ukoo usiku wa kuamkia mazishi, si asubuhi yake.

*Wasifu uwe na urefu gani? (Msomaji, Nzega)*

Maneno 500 husomwa kwa dakika tano hivi kwa utulivu. Chapeni kwa herufi kubwa, nakala mbili, mmoja abaki na ya akiba. Msimpe kusoma mtoto aliyemuuguza mama siku za mwisho. Mpeni mjukuu mkubwa au mpwa, na ayapitie majina ya vijiji na ya ukoo mara mbili kabla ya kusimama.