Kabla hujanunua kamera, zima taa ya jikoni

SWALI: Nauza pilau na biriani kwa oda, nipo Tabata. Napiga picha kwa simu na nimeshanunua ile taa ya duara yenye stendi. Lakini pilau inatoka ya njano upande mmoja, upande wa pili ina ubluu, halafu imekaa bapa kama imechorwa. Nimejibana nikapata laki tisa. Ninunue kamera gani?
Mama Pilau, Dar es Salaam

JIBU: Usinunue kamera yoyote. Swali hili linanifikia kila mara, kinachobadilika ni chakula tu: leo pilau, juzi keki, kabla ya hapo samaki wa kupaka. Na karibu kila anayeuliza ameshauziwa taa hiyo hiyo.

Hiyo njano na bluu inatokana na mianga miwili inayogombana. Balbu ya manjano ina rangi ya takriban Kelvini 2700 hadi 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa ni bluu), wakati mwanga wa mchana unaoingia dirishani uko kwenye 5500 au zaidi. Jicho lako linazoea yote miwili bila wewe kujua. Simu haina ujanja huo. Ikirekebisha balbu, upande wa dirisha unageuka bluu. Ikirekebisha dirisha, upande wa balbu unabaki njano. Kamera ya laki tisa itafanya vivyo hivyo, na ya milioni tisa pia. Zima balbu zote, ubaki na dirisha peke yake. Angalia na ukuta: niliwahi kupiga kuku wa kupaka kwenye mgahawa wenye kuta za kijani, tui likatoka na rangi ya mgonjwa. Tulibeba sahani tukahamia barazani.

Sasa taa yenyewe. Ile ni taa ya uso. Simu inakaa katikati ya duara, mwanga unatoka kule kule simu inakotazama, kwa hiyo vivuli vyote vinajificha nyuma ya kitu kinachopigwa. Mtu anapenda hivyo kwa sababu makunyanzi yanapotea. Lakini pilau ni makunyanzi matupu! Punje moja moja, nyuzi za nyama, mdalasini uliojitokeza, vyote hivyo jicho linavitambua kwa vivuli vyake vidogo. Ukivifuta unabaki na tope la kahawia. Ukipiga mchuzi wenye mafuta ndiyo kabisa, utaona pete nyeupe inaelea juu yake.

Sogeza meza dirishani, mwanga uingie kutoka ubavuni mwa sahani, au kutoka nyuma yake kidogo. Upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Jua likipiga moja kwa moja, tundika shuka jeupe jepesi. Usiisogeze simu hadi ikaribie kugusa chakula, sinia litavimba pembeni. Rudi nyuma, tumia lenzi ya 2x, ile ya kuvuta karibu, kama unayo. Gusa skrini penye chakula, kisha shusha mwangaza kidogo wali usipauke. Kachumbari weka pembeni, maana kahawia peke yake haisemi kitu. Na uwahi, wali ukikaa unakauka.

Utasoma pia kwamba dirisha bora ni la kaskazini. Huo ni ushauri wa Ulaya, ambako jua la mchana halipiti upande huo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la mchana linapita kaskazini, Desemba linapita kusini. Chagua dirisha kwa mwezi uliopo.

Waliokwisha kununua kamera nao nawajua. Wanafungua lenzi ya milimita 50 hadi f/1.8, yaani tundu lake wazi sana, kwa sababu wameambiwa ndiyo "kiprofesheno", punje tatu zinaonekana na sinia zima ukungu. Punguza tundu hadi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, kamera juu ya stendi, hata kama kasi ya kupiga itashuka. Chakula hakikimbii.

Kinachonichosha hasa ni hawa walimu wa wikiendi moja. Wanakuuzia preseti, ambazo ni marekebisho ya picha ya mtu mwingine, iliyopigwa kwenye mwanga mwingine, eti zitaponya picha yako. Rangi mbili zilizochanganyika haziponi kwa kubonyeza mara moja. Preseti inazikoleza zote mbili. Wengine wanafundisha kupulizia chakula spirei ya nywele king'ae. Wewe unauza chakula hicho hicho! Brashi na tone la mafuta ya kupikia vinatosha. Kuna na wanaosema chukua tu picha nzuri ya mtandaoni, hakuna atakayejua. Mteja atajua, siku atakapofungua kontena lako akakuta kitu tofauti.

Hizo laki tisa nunulia mchele. Toa kidogo upate stendi imara ya miguu mitatu, basi. Ukilazimika kupiga usiku, hata taa yako ya duara itafaa: itoe mbele ya simu, iweke ubavuni mwa sahani, tandaza lile shuka jeupe mbele yake, na balbu za jikoni zote ziwe zimezimwa.