Mama Steshenari Anajibu: Bumu Haliji Siku ya Kwanza

Haya wasomaji wangu, msimu ndio huu. Matokeo ya form six yametoka na hapa kwangu Ngarenaro, Arusha, mashine ya kopi haipoi, kuanzia asubuhi mpaka naskia adhana ya magharibi ni watoto na mafaili, wengine baba zao wamesimama nyuma yao kama polisi. Kwaiyo ukurasa wa mwezi huu ni chuo tu, wale wa mirathi na yule wa kuku wa kienyeji mnivumilie mpaka mwezi ujao.

Mama Steshenari, binti yangu kachaguliwa vyuo viwili, UDOM na Ushirika hapa Moshi, kote ni uhasibu. Baba yake anataka Dodoma, anasema mtoto akisomea nyumbani hakui. Mimi nauza ndizi Mbuyuni, nataka kujua niwe na shilingi ngapi mkononi maana tunaambiwa serikali inatoa mkopo. Mama wa wanne, Majengo, Moshi

Hongera sana mama, kulea mpaka hapo sio mchezo. Kabla hatujafika kwenye hela, mtoto ameshathibitisha? Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anatumiwa namba ya siri kwenye simu, anaingia kwenye akaunti ya kile chuo anachokitaka anaiweka hiyo namba, na kuna siku ya mwisho. Mkae leo leo mmalizane na baba yake, maana mwaka juzi kuna nyumba walibishana wiki mbili Dodoma au Moshi, siku zikaisha, mtoto akakosa kote akaanza kuomba upya kwenye awamu inayofuata kama hajawai kuchaguliwa. Alafu Bodi ya Mikopo inampangia aliyethibitisha, wa vyuo viwili haieleweki umpelekee wapi.

Sasa hela. Chuo cha serikali ada ya kozi nyingi inacheza milioni moja mpaka milioni moja na nusu kwa mwaka, udaktari huo ndio unapanda zaidi. Watu wanaiona hiyo ada wanashtuka, mimi naona sio ada inayowaliza watu, maana ada unaweza kuilipa kwa semista na mkopo ukiwepo unaibeba yote au kipande. Kinacholiza ni vile vya pembeni: elfu 20 ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kila mwaka, bima ya NHIF 50,400 kama hana kadi yake, kuna ya umoja wa wanafunzi, kitambulisho, usajili, fedha ya tahadhari, alafu godoro, ndoo, shuka, nauli. Hivyo havisubiri mkopo, vinatakiwa mlangoni. Ile barua ya kujiunga aliyotumiwa iprintini yote, msisome ukurasa wa kwanza tu mkafunga.

Alafu ndio tunafika kwenye bumu. Bumu ni ile hela ya chakula na malazi, saivi ni elfu 10 kwa siku, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500, na inakuja kwa awamu, kama ya siku 60 hivi, kwaiyo ukipiga ni laki sita inaingia kwa mpigo. Inapendeza kuisikia. Ila haiji siku ya kwanza mama! Mpaka jina litoke kwenye orodha, mtoto afike chuo asajiliwe, asaini kwa dole gumba, ndio benki isome. Mimi mwanangu wa kwanza nilimpandisha basi na elfu 80 mfukoni nikijua bumu lipo, jina si lipo bana, chuo chenyewe sikitaji, wiki ya pili ananipigia anaongea taratibu kama mgonjwa, kumbe anakula chapati moja na chai mchana na usiku anakopa kwa mama ntilie. Sijawai kujisikia vibaya vile. Kwaiyo ukiniuliza shilingi ngapi mkononi nakwambia chakula cha wiki nne kikae pembeni, hata kwa elfu 5 kwa siku hiyo ni laki na elfu 40, hiyo isiguswe na godoro wala nauli wala na mtu yeyote pale nyumbani.

Mkimpeleka Dodoma basi hesabu zote hizo zinakuhusu na nauli za likizo juu yake. Akisoma Ushirika na wewe uko hapo Majengo, anakula kwako analala kwako, na hela ya chakula na malazi anapata ileile, haikatwi eti kwa sababu analala kwao. Tuseme ada ni milioni na laki mbili, mkopo ukabeba laki saba, hiyo laki tano iliyobaki bumu lake lenyewe linaweza kuimeza akiwa na akili. Kile chuo nacho sio cha jana, kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu kamili 2014, mahesabu ndio kazi yao. Hilo la mtoto kutokua, mwambie baba yake nimewaona waliokulia Dodoma na nimewaona waliokulia jikoni kwa mama zao, sijaona tofauti. Ila ni nyumba yenu, mimi nauza kopi tu.

Shikamoo mama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Godlisten, cha form four kimeandikwa Godlisen bila t. Nimejaza fomu ya mkopo mfumo unanigomea. Nibadili cha form four? Dogo wa Sakina

Marahaba mwanangu. Cha form four usikiguse, NECTA, wale wa baraza la mitihani, hawakubadilishii jina baada ya mtihani kupita, unachorekebisha ni cha kuzaliwa kimfate kile cha shule. Herufi moja kama yako unaanzia pale waliposajili vizazi, ofisi ya wilaya, unaeleza kosa, unabeba cheti cha form four na cha la saba kama kipo. Ila kama ni jina zima limebadilika, mfano shule ulitumia jina la babu na cheti kina la baba, hapo unaenda kwa wakili unatengenezewa dipoli, yaani hati ya kubadili jina, na hiyo dipoli inasajiliwa, sio unaibandika tu mhuri wa wakili unaikumbatia.

Ukishapata sahihi ndio unakipeleka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao kihakikiwe, kila mwombaji lazima, na kama umefiwa na mzazi cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vilevile. Watu wa RITA mwezi wa nane wanazidiwa, nchi nzima imewaangukia, uhakiki wa siku mbili unakua wa wiki mbili. Ndio maana kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu nabandika tangazo hapa mlangoni kwa maandishi makubwa, VYETI SASA HIVI, wanalisoma wanacheka wanapita.

Kingine ambacho hujauliza: kama ulirudia mtihani wa form four una namba mbili, basi ile uliyoombea chuo ndio hiyohiyo uombee mkopo. Wapo waliochaguliwa vizuri tu na fomu wamejaza vizuri tu, ila chuo kinamjua kwa namba hii na Bodi inamjua kwa namba ile, kwenye mfumo wanaonekana ni watu wawili na hakuna kati yao anayepata.

Mama mimi niko mwaka wa kwanza, nimepangiwa kipande kidogo sana cha mkopo, ada karibu yote najilipia. Baba ni mpagazi wa mlimani, tunakaa Marangu. Jirani yetu ana Noah mbili na mtoto wake kapata karibu yote. Hii ni haki kweli? Mwenye hasira

Una haki ya kukasirika, ila nikuulize, kwenye kazi ya mzazi uliandika nini? Nauliza kwa sababu watoto wa Marangu na Machame nawapata hapa kwangu na wengi wanaandika "utalii". Sasa mtu amekaa Dar es Salaam anasoma Kilimanjaro, utalii, anaona watalii na dola, atajuaje kwamba mzee wako anabeba kilo 20 kichwani mpaka Kibo anashuka na magoti yamevimba, alafu masika yote, mwezi wa tatu mpaka wa tano, yuko nyumbani anapalilia migomba hakuna kitu? Andika kazi ilivyo. Mpagazi, kibarua cha msimu.

La Noah mimi siwezi kulijua, labda yule mtoto ni yatima kalelewa na mjomba, labda kadanganya. Achana naye. Dirisha la rufaa huwa linafunguliwa baada ya awamu za majina kutoka, unakata rufaa kwenye akaunti yako ileile uliyoombea, na rufaa sio barua ya kulia, rufaa ni karatasi mpya ambayo hawakuiona mwanzo. Barua ya serikali ya kijiji inayosema baba anafanya nini na anategemewa na wangapi. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, weka ile namba, ina uzito. Kama mzazi anaumwa au ana ulemavu, fomu ya daktari. Alafu jiulize ulisoma wapi sekondari, maana kama ulisoma shule ya kulipia wanaangalia, wanasema aliyeweza kulipa ile ataweza na hii, sasa kama ulilipiwa na padri au na mtalii mmoja baba alimbebea mzigo akakupenda, inatakiwa barua ya huyo mfadhili kwamba alikulipia yeye. Hii wengi wanaisahau na ndio inawaua.

Ofisi ya kanda ya Bodi iko hapa Arusha, panda gari uje na faili lako uongee na mtu ana kwa ana. Kabla hujaja fungua akaunti yako ya SIPA, ile ya Bodi inayoonyesha mkopo wako, uone umepewa kipande gani, ada kiasi gani, chakula kiasi gani, vitabu kiasi gani, maana nimeshakutana na mtu anayelia hana mkopo kumbe chakula kapata chote ada ndio kapungukiwa, hayo ni mambo mawili tofauti.

Nina D ya Physics na E ya Advance Maths, Chemistry S. Chuo kikuu naweza? Nipo Usa River

Kwa mwaka huu digrii moja kwa moja hapana. Zinatakiwa prinsipo mbili, yaani masomo uliyofaulu A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4.0, D ni 2, E ni 1, una 3. S sio prinsipo, na GS, General Studies, usiihesabu kabisa hata kama ulipata A. Ila mwanangu usikae nyumbani mwaka mzima kusubiri kurudia, nenda Chuo cha Ufundi hapa Arusha kasome diploma ya uhandisi, au kama mahesabu ya hela yanakuvutia kuna Uhasibu pale Njiro, vyote vya serikali. Ukitoka na GPA 3.0 kwenda juu mlango wa digrii unafunguka, na unaingia umeshajua kushika spana wakati wenzako wa form six wanaiona kwenye picha. Na tangu 2023/24 Bodi inakopesha wa diploma pia kwa fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi za uhandisi. Chuo Kikuu Huria nao wana faundesheni, kozi ya kujiandaa na digrii, ila kwa uhandisi wako mimi ningeenda Ufundi.

Naogopa kukopa. Nikikosa kazi je?

Deni linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kumaliza. Ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokua inaliongeza kila mwaka ilifutwa 2021, na ile faini ya asilimia 10 nayo ikaondoka, hiyo ndio iliyowatisha kaka zenu wakakopa milioni nane wakajikuta wanadaiwa kumi na kitu. Deni la saivi linakaa palepale. Kuogopa sio vibaya, ila kama huna wa kukulipia, kopa usome.

Kuna kaka anasema ana mtu wake Bodi, nimpe laki mbili nipate asilimia mia. Nimpe?

Hapana. Huyo ni kishoka. Anachukua laki mbili kwa watoto ishirini, anakaa kimya, majina yakitoka kati yao watano lazima wangepata tu hata bila yeye, hao watano wanamsifia mtaa mzima na wale kumi na tano anawaambia ilishindikana mwakani tutajaribu. Na ubaya zaidi anakuomba nywila yako ya akaunti. Malipo yoyote ya kweli, chuo au Bodi, yanaenda kwa kontrol namba, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Kama ulishampa nywila ibadili leo kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, alafu angalia namba ya akaunti ya benki iliyoko kwenye fomu yako kama bado ni ya kwako.