Mita 60 na hoteli za Paje

Kaka, umeuliza kama ile mita 60 kutoka baharini, ambamo shughuli za kudumu kama ujenzi zimekatazwa, inaibana hoteli ya Paje, Zanzibar. Hapana, haiibani. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, na sheria hiyo ni ya Tanzania Bara tu. Mazingira si jambo la Muungano: Bara kuna NEMC, baraza la mazingira la huko, Zanzibar kuna ZEMA, mamlaka yao ya mazingira, na sheria yao ya 2015. Mwenye hoteli Bagamoyo na mwenzake wa Paje hawaulizwi na ofisi moja.

Ila hata huko Bara msidhani mita 60 inamaliza kazi. Inasaidia ufukwe na mikoko, kisima haikigusi. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maji baridi ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari. Hoteli ikivuta mno kwa ajili ya bwawa la kuogelea na majani ya bustani, chumvi inapanda. Kwetu kisima cha jirani kimeshaanza: unafua, povu hulioni. Ukipata ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, angalia kwanza maji watachota wapi na ya chooni yataishia wapi.