Upinde wa mtambo katika msimu wa pinde: jibu langu kutoka Ohio

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba uko Erie, Pennsylvania, umemaliza kozi ya uwindaji, na unataka kununua upinde wa mtambo kwa ajili ya kulungu, lakini mwenzako wa kazini amekuambia kuwa kitu hicho si upinde bali ni bunduki isiyo na baruti, na kwamba wanaokitumia wangesubiri msimu wa bunduki. Umeuliza kama ana hoja. Mimi ninaishi Ohio, ninawinda kulungu wa mkia mweupe mashariki ya Columbus, katika shamba la mzee mmoja ambaye mwanawe tunafanya naye kazi, na nimetumia vyombo vyote viwili: wa mtambo kwanza, wa kapi baadaye. Mwenzako anayo hoja, ila nadhani ameishika upande usio wake.

Kwa wachangiaji ambao hawajakiona chombo chenyewe, huo ni upinde mfupi uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unauvuta upote, yaani kamba ya upinde, hadi unase kwenye mtambo, unaweka mshale kwenye mfereji wake, unachungulia kwenye darubini, kisha unabonyeza kifyatulio. Upinde wa kapi, ambao ndio wawindaji wengi wa pinde hapa huubeba, unashikwa wima na kuvutwa kwa mkono, na zile kapi mbili za ncha zake, yaani magurudumu madogo yanayopitisha kamba, humpunguzia mvutaji uzito anapofika mwisho wa mvuto, hata upinde wa mvuto wa pauni 70 (kama kilo 32) ukabaki mkononi kama kilo sita hivi.

Ugomvi huu hauwezi kueleweka bila kujua kinachogombaniwa. Wisconsin ilifungua msimu wake wa kwanza wa kuwinda kulungu kwa pinde mwaka 1934, na majimbo mengine yakafuata kwa hesabu ileile, kwamba mshale huua wachache, kwa hiyo mwenye mshale anaweza kupewa siku nyingi na kutangulizwa bila kuwamaliza wanyama. Hapa Ohio msimu wa pinde huanza mwishoni mwa Septemba na kuendelea mpaka mwanzoni mwa Februari, ilhali msimu mkuu wa bunduki ni juma moja tu baada ya Sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, pamoja na siku chache za ziada. Juu ya hayo, siku ambazo madume hupoteza akili kwa kufuata majike, yaani mwishoni mwa Oktoba na sehemu kubwa ya Novemba, zinaangukia ndani ya msimu wa pinde. Mwenye upinde wa kuvuta anaona amepewa siku hizo kwa sababu amekubali ugumu fulani, na sasa amekuja mtu mwenye darubini na kifyatulio anayetaka siku zilezile. Malalamiko hayo yana uzito, na sioni sababu ya kuyakebehi kama wengine wanavyofanya.

Hata hivyo, hoja ya kwamba chombo hiki ni bunduki haisimami ukiipeleka porini. Upinde wa mtambo wa bei ya kati hurusha mshale kwa mwendo wa kama mita 120 kwa sekunde, na upinde mzuri wa kapi kama mita 90. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Chukua kulungu aliyesimama mita 50 kutoka kwako: mlio wa upote utamfikia mapema zaidi kuliko mshale kwa zaidi ya robo ya sekunde, na huo ni muda wa kutosha kwake kukunja miguu ili aruke, hivyo mgongo wake hushuka na mshale uliolenga mapafu hupita juu au, kwa ubaya zaidi, humpata uti wa mgongo au nyama ya bega. Pinde za mtambo zina kelele kuliko za kapi. Upote wake hupiga kwa mlio mkavu ambao hata mimi niliye juu ya ulingo hunishtua. Nilichojifunza ni kwamba mpaka wa mtu muungwana ni uleule kwa vyombo vyote viwili, yaani mita 35 au pungufu, na kulungu awe ametulia, kichwa chini, akila. Bunduki inaua mbali mara nne au tano ya hapo, na risasi yake hufika kabla ya mlio. Anayeviweka vitu hivi viwili katika kapu moja hajawahi kuona kulungu akiukwepa mshale.

Tofauti kubwa haiko kwenye umbali; iko kwenye mkono. Ukiwa na upinde wa kapi, kulungu anapokuja ndani ya mita 20 kazi inakuwa bado. Lazima uusubiri wakati ambapo jicho lake limefichwa na shina la mti, ndipo uvute, na kuvuta maana yake ni kiwiko kurudi nyuma, bega kupanda, na mwili mzima kusogea mbele ya mnyama ambaye kazi yake ya kila siku ni kuona kinachosogea. Ukivuta mapema mno, utabaki umeshikilia mpaka mkono uanze kutetemeka, na yeye amesimama nyuma ya kichaka akitafuna, sikio moja limegeuka upande wako. Ukichelewa, ameshapita. Mwenye upinde wa mtambo ameuvuta alfajiri alipopanda ulingoni. Kwake kilichobaki ni kusogeza kidole gumba kwenye kizuizi cha usalama na kubonyeza. Sehemu hiyo ya mwisho, ambayo kwa wawindaji wengi wa kapi ndiyo raha yenyewe na ndiyo inayowaponza, inafutwa kabisa. Mwenzako angelisema hivyo ningemwunga mkono bila kusita.

Kuna jambo la pili ambalo halizungumzwi sana, nalo ni mazoezi. Upinde wa kapi unamdai mtu mazoezi ya miezi kabla hajawa na haki ya kumlenga mnyama, kwa sababu misuli ya mgongo husahau. Upinde wa mtambo ukisharekebishiwa darubini, mtu mtulivu anaweza kupiga duara la ukubwa wa kisahani kwa umbali wa mita 30 siku hiyohiyo. Nilipoanza nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala, narudi nyumbani jua linachomoza, na upinde wa kapi ungenitaka muda ambao sikuwa nao. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaishi hivyo hapa, kwa zamu mbili na watoto wa kupeleka shule. Kuna pia wazee ambao mabega yamegoma, na vijana ambao hawawezi kuvuta hata pauni 40, ambazo ndizo kiwango cha chini cha upinde wa kuvuta hapa Ohio. Kwa watu hawa swali haliwi upinde upi. Ni kuwinda au kubaki nyumbani.

Mwenzako akisema kwamba urahisi huo unaleta watu wengi msituni, anasema kweli. Wisconsin ilifungua msimu wa upinde wa mtambo kwa kila mtu mwaka 2014, na haikuchukua miaka mingi idadi ya kulungu wanaouawa kwa chombo hicho ikaipita ya pinde za kuvuta. Mpaka leo ubishi huko haujatulia. Pennsylvania uliko wewe iliwaruhusu wote mwaka 2009. Lakini Ohio ilianza kuruhusu tangu 1976, karibu nusu karne sasa, na kulungu wapo tele, wanakula maharage ya soya ya wakulima na kugongwa na magari kila vuli. Sababu ni kwamba hapa idadi haitawaliwi na aina ya chombo. Kila mwindaji ana dume mmoja tu kwa msimu mzima, awe amempiga kwa mshale au kwa risasi. Majike yana kikomo chake kwa kila wilaya. Na kila mnyama lazima aandikishwe kwa mamlaka kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Wakiona wamepungua, kikomo hushushwa. Jimbo lenye mfumo huo na wanyama wengi halina haja ya kumfukuza mtu kwa sababu ya kifyatulio.

Huko magharibi hesabu inabadilika, na ndiyo maana sikubaliani pia na wale wanaotaka chombo hiki kiruhusiwe kila mahali kwa mkupuo. Colorado, Idaho na Montana hawakiruhusu katika msimu wa pinde kwa mwindaji wa kawaida, ingawa Colorado na Idaho wana vibali maalumu kwa wenye ulemavu, na Oregon kwa miaka mingi wamekuwa wakikikataza kwa uwindaji. Huko mnyama anayetafutwa sana ni elki, wa jamii ya kulungu lakini mkubwa zaidi, maeneo mengi vibali vyake ni vya bahati nasibu, na msimu wa pinde umepangwa Septemba, wakati madume yanapolia na kuitika sauti ya mwindaji mpaka yakamfikia karibu kabisa. Ukiongeza chombo kinachofuta ugumu wa kuvuta, watakaofanikiwa wataongezeka, na mamlaka haitakuwa na njia ila kupunguza vibali au kufupisha msimu, na atakayeumia ni yuleyule aliyeridhika na ugumu. Kwa hiyo msimamo wangu unafuata wanyama waliopo na jinsi vibali vinavyogawiwa. Palipo na kulungu kama hawa wetu, ruhusu. Palipo na elki wa kubahatisha, waachie wanaovuta.

Nisichokubali ni hoja ya usafi, kwamba eti chombo hiki kinachafua mila ya upinde. Mila hiyo ya uwindaji wa pinde Marekani ina historia, na si safi namna hiyo. Mwaka 1911 mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa kabila la Yahi lililochinjwa na walowezi, alitokea karibu na mji wa Oroville huko California, akachukuliwa San Francisco, na huko akamfundisha daktari Saxton Pope kutengeneza upinde na kunyatia wanyama. Ishi alifariki mwaka 1916. Pope na rafiki yake Arthur Young wakaendelea, na mwaka 1925 walifika kwetu, Tanganyika, kuwinda simba kwa mishale, huku wenzao wakiwa wamesimama nyuma na bunduki tayari kwa lolote. Chama kinachobeba majina yao, Pope and Young, kilianzishwa mwaka 1961 na hakipokei katika rekodi zake mnyama aliyepigwa kwa upinde wa mtambo. Kinapokea wa upinde wa kapi, chombo ambacho Pope na Ishi hawakuwahi kukiona, maana Holless Wilbur Allen wa Missouri alikiombea hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kapi nazo zilipigwa vita na watu wa upinde wa mti zilipoingia, kwa maneno yaleyale unayoyasikia leo kazini kwako.

Na kama umezoea simulizi za wazee wa Kikamba au za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, utakumbuka kwamba mshale wao wa mnyama mkubwa ulipakwa sumu, na hakuna aliyeona haya. Hapa Ohio mshale wenye sumu ni kosa la jinai. Kila mahali watu wamekubaliana nini kiruhusiwe na nini kisiruhusiwe, kulingana na walivyo wao na wanyama wao.

Kwa hiyo nunua, ila zingatia haya. Kwenu Pennsylvania upinde wa mtambo lazima uwe na mvuto usiopungua pauni 125, na chembe cha mshale kiwe na upana wa inchi 7/8 au zaidi. Utahitaji pia leseni ya pinde juu ya leseni ya kawaida ya uwindaji. Ukivuka mpaka kwenda kuwinda jimbo jingine, soma kitabu chao cha kanuni, maana masharti ya chombo hiki hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo na wakati mwingine kutoka mwaka hadi mwaka. Mwenye shamba umwambie mapema utakuja na nini, kwa sababu wapo wasiotaka upinde wa mtambo kwenye ardhi yao, na hiyo ni haki yao. Nunua kamba ya kuvutia, ambayo hupunguza uzito karibu nusu. Bila hiyo mvuto wa pauni 175, kwa mfano, utakukomesha, na upote utanasa upande kidogo, mshale nao utakwenda upande.

Jambo ambalo muuzaji huenda asikuambie ni kwamba upinde wa kapi ukiuvuta na kulungu asipotokea, unaulegeza taratibu kwa mkono, lakini wa mtambo ukishavutwa kwa kawaida haulegezwi hivyo, na ukiufyatua bila mshale utavunjika, pengine na kukuumiza. Jioni giza likianza kuingia, ushushe kwa kamba kutoka ulingoni ukiwa umetolewa mshale, shuka mwenyewe, kisha weka mshale wa zamani wenye ncha butu na uufyatue kwenye udongo laini hatua chache mbele yako, mahali pasipo na mawe. Mshale huo ubebe kila siku kwenye podo, na uufunge utepe wa rangi ili usiuchukue kwa bahati mbaya kulungu anapokuja. Kwenye gari usiingie na upinde uliovutwa hata kama unahamia upande wa pili wa shamba tu.