Ukiendesha baiskeli mjini, kaa upande wako

Miaka mingi niliamini kuwa mwenye baiskeli anaujua usalama wake kuliko sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, nami nilijiambia kuwa walioitunga hawakuiona foleni ya Manzese, hapa Dar es Salaam, jioni.

Siku moja nilikuwa nimebakiza kama mita 300 kufika nilikokuwa naenda, upande uleule wa barabara niliokuwepo. Kuvuka Barabara ya Morogoro mara mbili, na njia za mabasi ya mwendokasi zile katikati, niliona ni usumbufu. Nikapita kulia, nikiyakabili magari. Hoja yangu ilikuwa kwamba heri gari nilione likija kuliko linitokee mgongoni.

Bajaji ikachomoza kutoka mtaani, inaingia kushoto. Dereva akatazama kulia kwake, yanakotokea magari, akaona peupe, akaingia. Mimi nilikuwa kushoto kwake. Ringi la mbele linajikunja kwenye ubavu wa bajaji, na shingo yake bado imegeukia kule. Nilivunjika mfupa wa bega. Yule kijana hakuwa na kosa lolote, na nilimwambia hivyo palepale.

Tangu hapo busara yangu naitumia kujizuia tu. Taa ikiwaka kijani lakini daladala mbili zinakimbizana, nasubiri. Daladala ikisimama kituoni sijipenyezi kushoto kwake hata pakiwa na nafasi ya kutosha, kwa sababu mlango uko huko na abiria hushuka bila kutazama. Konda akigonga bodi, mtu tayari yuko hewani! Magari yaliyoegeshwa nayapa nafasi ya mlango kufunguka. Sheria hainikatazi lolote kati ya hayo. Ila kujiongezea haki ambayo dereva mwingine haijui, hapana.

Wapo wanaonitajia jimbo la Idaho, Marekani, ambako tangu 1982 mwenye baiskeli halazimiki kusimama kabisa kwenye alama ya kusimama iwapo njia ni nyeupe. Sawa, lakini kule ni sheria yenyewe iliyosema, na dereva wa kule anategemea kukuona ukipita. Wa Manzese hakutegemei.

Kama ni lazima upite upande ule, shuka uikokote pembeni kwa mwendo wa miguu. Kile kipande changu kinanichukua dakika tano hivi.