Je, Kibadilisha Joto cha Kuchapwa Kinafaa kwa Maziwa?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni fundi wa mitambo ya kupozea maziwa hapa Mbarara. Nasikia kwamba siku hizi vibadilisha joto, yaani vifaa vinavyohamisha joto kutoka kimiminika kimoja hadi kingine bila kuvichanganya, huchapwa kwa printa za 3D, vikawa vidogo na bora kuliko vile vya sahani bapa za metali tunavyovitumia. Je, niagize kimoja, au nikichape kwa printa ya plastiki ya rafiki yangu aliyeko Kampala?

JIBU: Ndugu fundi, uliyoyasikia ni kweli. Printa ya metali hutandaza unga wa alumini au wa chuma cha pua, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa jembamba kuliko milimita 0.1, na leza huyeyusha zile sehemu tu zinazotakiwa kuwa kuta. Kwa hiyo mbunifu hafungwi tena na mabomba yaliyonyooka. Umbo linalopendwa mno ni jiroidi, alilolieleza Alan Schoen wa NASA mwaka 1970: ukuta mmoja uliopindapinda, unaoigawa nafasi katika njia mbili zisizokutana kamwe, moja ya kimiminika cha moto na nyingine ya baridi. Upana wa njia ukipunguzwa kwa nusu, eneo la kupitishia joto katika ujazo uleule huongezeka maradufu, na ndiyo sababu waunda ndege, ambao kwao kila gramu ni gharama, wameichangamkia teknolojia hii.

Kwa maziwa, hata hivyo, sikushauri. Sahani zako hufunguliwa, zikasuguliwa na kukaguliwa kwa macho, ilhali jiroidi haifunguki, na kuta zitokazo kwenye printa hukwaruza zisipolainishwa, jambo ambalo ni gumu kulifanya ndani kabisa. Mafuta na protini hunata humo, na bakteria hupata maficho. Tena njia nyembamba hudai pampu yenye nguvu: kimiminika kikitiririka kwa utulivu na kwa kasi ileile, kuupunguza upana kwa nusu hukuza upotevu wa shinikizo mara nne.

Plastiki nayo hupitisha joto kwa shida, takribani mara elfu moja chini ya alumini. Printa ya rafiki yako itakufaa kuchapa mfano wa kupitishia maji, ili uone mtiririko kabla ya kulipia metali. Ukitaka kweli kujaribu, anza na kipoza mafuta ya kulainishia ya kompresa (mashine ya kukandamiza gesi), kwa kuwa mafuta hayo huzunguka katika mfumo uliofungwa na huchujwa.